Zamu ya Ulimi

Mwanaarusi aliuonja uji, akautema pembeni, akaonja tena. Hakuwa akitafuta utamu. Alikuwa akitafuta chumvi, na aliomba asiikute. Mwiko alikuwa ameusugua kwa mchanga tangu jana, chungu amekisuuza mpaka kimechoka kusuuzwa, na kile kifuu cha chumvi amekichomeka juu kwenye makuti ya paa, mtoto asije akakichezea. Leo zamu ya ulimi ilikuwa imeifikia nyumba yake.

Watu wa Kau waliolima mpunga kwenye mfereji wa mzee Hiribae walikuwa na desturi hiyo. Pale mto unapokaribia bahari, maji yakijaa huko nje huyasukuma maji ya mto yakarudi nyuma na kupanda hadi ukingoni; mlango wa mfereji ukifunguliwa wakati huo, mpunga hunywa bila mtu kuchota hata kata moja. Lakini mto ukikonda, bahari huja yenyewe nyuma ya maji hayo, na ikishaingia shambani ndiyo basi tena. Kwa hiyo kila bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, nyumba moja ilitoa mtu wa kuonja maji kabla mlango haujafunguliwa, na mtu huyo hakuweka chumvi kinywani tangu alfajiri. Wengine wale watakavyo. Ulimi wake mmoja ndio ulioaminiwa, na akisema matamu, hakuna aliyebisha.

"Kunywa, Baba Kibibi," Mwanaarusi akamwambia mumewe. "Mbaya, najua, lakini ndio wa leo."

Komora akapiga funda moja, akakunja uso. "Huu si uji, mama. Hii ni gundi."

"Basi gundi hiyo ikushike tumbo mpaka jioni. Na usile kitu cha mtu, nakuomba. Hata wakikupa muhogo, kataa, hujui umepikwaje."

"Mimi mtoto?"

"Si mtoto. Lakini mpunga una mimba, na shamba lile ndilo pekee aliloniachia mama yangu. Usinione nasumbua."

Hakuwa akisumbua hata kidogo. Mwaka ule mvua za bara zilikataa kabisa. Mto ulikonda mpaka viboko wakawa wanalala tope mchana kweupe. Wafugaji wa Kiorma waliokuwa wamemaliziwa ng'ombe na ugonjwa wa sotoka walishuka kutoka mbugani kuja kuomba mapumba, wakakuta wenye mapumba wenyewe wanachimba mizizi ya yungiyungi. Mpunga ule wa mfereji ndio uliokuwa umebaki kati ya watu wa Kau na njaa yenyewe, na ulikuwa umekauka miguu, udongo umepasuka, unangoja bamvua ya leo.

Uji haujaisha bakulini, sauti ikaita kutoka ukingoni. Alikuwa Swaleh wa Kipini, rafiki yake Komora tangu jandoni, mtu mwenye kidau chake kidogo na mdomo usiopumzika. Alikuwa amepanda na maji ya usiku kuleta samaki aina ya hongwe wa kubadilishana na viazi, akakosa viazi.

"Komora, njoo!" akamwita, kisha akashusha sauti. "Waache hao hongwe wangu, hao si samaki. Kolekole wameingia kwenye fungu la mchanga huko nje, wanajirusha wenyewe. Twende tushuke na maji, turudi na maji."

"Leo siwezi. Nina zamu."

"Zamu ya asubuhi?"

"Ya jioni, maji yakijaa."

"Sasa si maji hayo hayo yatakayoturudisha? Yatakuleta mpaka mlangoni mwa mfereji, hata kasia hutatia. Wallahi umekonda, ndugu yangu. Njoo ukae tu kidauni kama mwanadamu, siku moja."

Tusimwonee Komora. Tangu kupanda alikuwa hajakaa. Alilima, alipalilia, alilala shambani akiwapigia viboko ngoma ya gogo wasile mpunga, na nyumbani kila neno lilikuwa la chakula. Roho ilimtuma aende, na akataka kwenda kuliko alivyotaka kitu chochote mwaka ule. Lakini mtu wa zamu akienda baharini kuvua watu watasema, kwa hiyo alirudi ndani akiwa tayari na neno lake.

"Nashuka na Swaleh hadi mikokoni," akamwambia mkewe. "Mlango wa mfereji umelegea, unataka boriti. Nitakata mbili tatu nirudi kabla ya maji."

Uso wa Mwanaarusi ukakunjuka. "Mungu akupe nguvu. Na tumbo lako hilo tupu?" Akamfungia kibuyu cha maji. "Upumzike kidogo huko, usijiue kwa boriti. Umechoka, nakuona."

Alikuwa akimpa kwa moyo mweupe pumziko lile lile ambalo Komora alikuwa akimficha. Komora akapokea kibuyu, akatoka haraka.

*

Kidau kiliteremka na maji bila kazi. Walipita mikoko, wakapita Kipini, ambako bendera ilikuwa mpya juu ya mlingoti wa zamani.

"Mdachi kaenda, Mwingereza kaja," Swaleh akasema, "na ndoana bei ni ile ile."

Walipovuka maji mekundu ya mto wakaingia kwenye maji ya kijani, upepo mwembamba ukashika tanga, na Komora akahisi mabega yake yanashuka mahali pake. Wakatupa nanga ya jiwe karibu na fungu la mchanga. Wakatia chambo cha kamba wabichi, wakaachia mishipi, wakakaa. Hakukuwa na ndege wa kufukuza wala mtu wa kuuliza kesho tutakula nini. Kolekole wakaja kama walivyoahidiwa, mmoja, kisha mwingine, wanene, wanapigapiga ubao wa kidau kwa mikia.

Swaleh akaanza habari za mkwewe. "Mama mkwe alikuja kutusalimia kabla ya Ramadhani. Sasa tuko wapi? Kila Ijumaa anafunga kikapu chake. Kila Ijumaa nakibeba kichwani, nakipakia kidauni, namwambia mama, twende. Anasimama ufukweni, anashika kiuno, anatazama mbingu, 'Upepo wa leo siuamini, mwanangu.' Na hata jani halitikisiki! Nashusha kikapu. Ijumaa iliyopita nimekiacha humo humo kidauni, nikasema potelea mbali. Jioni nakuta kikapu kimerudi nyumbani. Sijui kimetembea?"

Komora alicheka mpaka mshipi ukamponyoka, na alipouwahi akacheka tena. Alikuwa amesahau kwamba mbavu zinaweza kuuma kwa kicheko.

Maji yalipokupwa kabisa wakashuka funguni. Swaleh akawasha moto wa vijiti na makumbi, akampasua kolekole mmoja, akamsafisha kwa maji ya bahari, akamweka juu ya makaa. Mafuta yakaanza kudondoka.

"Wewe kaa upande wa upepo," Swaleh akasema, "harufu isikuonee. Jioni nyumbani utamla wako."

Komora akakaa upande wa upepo. Akachora mchangani kwa kidole. Akainuka, akarudi kukaa kwenye moshi.

"Samaki wa bahari ana chumvi kweli?" akauliza. "Mbona tukimpika nyumbani tunamtia?"

"Hayo ya ulimi wako unayajua mwenyewe. Mimi sisemi."

"Kipande kidogo tu. Nitasukutua."

Swaleh akamtazama. Njaa ya rafiki yake ilikuwa inaonekana shingoni. Akamkatia kipande. Komora akakila akiwa amefumba macho. Akala cha pili. Swaleh alikuwa akichovya nyama yake kwenye kifuu cha maji ya bahari kama walavyo wavuvi, na Komora, bila hata kufikiri, akachovya pia. Alimaliza upande mzima, akavunja kichwa, akanyonya macho, akalamba vidole kimoja kimoja, kisha akalala chali mchangani na kofia usoni. Siku ile, tuseme ukweli, alikuwa na furaha.

Maji yalipoanza kujaa wakarudi nayo. Kipini, Swaleh akampa boriti kutoka uani kwake ili asirudi mikono mitupu, na samaki wake Komora akawaficha chini ya jamvi. Mtoni akasukutua kinywa kwa maji ya kibuyu, akasukutua tena, akatema, akasugua ulimi kwa kidole mpaka akakohoa.

*

Walikuwa wamesimama wote mlangoni mwa mfereji. Mzee Hiribae, msimamizi wa maji, alikuwa ameegemea fimbo. Dhadho na wenzake walishika majembe, tayari kuvunja tope la mlango. Mashavu, mjane aliyelima shamba lililopakana na la Mwanaarusi, alikuwa na mtoto mgongoni. Komora alipotua na boriti begani, watu wakamshangilia.

"Tazameni huyu!" Dhadho akasema. "Amefunga chumvi na bado amekwenda kukata mikoko. Wengine tukifunga tunalala."

Mwanaarusi alijiinua kidogo miguuni ili watu wamwone ni mke wa nani.

Komora akashuka kwenye maji hadi magotini, akachota kwa kiganja, akatia kinywani. Akangoja. Hakusikia chumvi, wala hakusikia utamu. Hakusikia kitu. Akachota tena. Kinywa kilikuwa kama cha mtu mwingine, kimekufa kwa maji ya bahari na majivu ya samaki.

Kusema kulikuwa maneno machache tu: nimekula, aonje mwingine. Lakini hapakuwa na mwingine aliyefunga. Mlango usingefunguliwa, mpunga ungengoja bamvua ijayo na midomo imekauka, na watu wangeuliza: umekula wapi, umekula nini, boriti hizi umezikata saa ngapi. Akainua macho. Mkewe alikuwa akimtazama kwa fahari, amemshika Kibibi mkono.

"Haya, Komora," mzee Hiribae akasema. "Maji hayangoji."

"Matamu," Komora akasema.

Majembe yakashuka. Maji yakaingia yakivuma, yakakimbia kwenye nyufa, na udongo ukawa unayanywa kwa sauti. Wanawake wakapiga vigelegele. Mashavu alivua kilemba cha kichwani akakichovya, akampangusa mwanawe uso. Jioni ile, nyumbani, Komora alitoa kolekole na kusema Swaleh amempa wakiagana. Mwanaarusi aliwakaanga, akamwekea mumewe kipande kikubwa, kwa sababu leo alikuwa na haki ya kula chumvi.

*

Mashavu ndiye aliyeona kwanza. Ncha za majani zilikuwa zimeungua kama zimepitiwa na moto. Alidhani ni jua. Baadaye manjano ikashuka mpaka kwenye shina, masuke yakatoka meupe, na ukiyabana kwa kidole hakuna kitu ndani, mapepe matupu. Tope lilipokauka, likaacha unga mweupe juu yake, na hapo hapakuhitajika mtu wa kuonja. Juu kidogo, kwenye mfereji wa Gollo, mwonjaji wao alikuwa amekataa maji siku ile. Mpunga wao ulikuwa na kiu, lakini ulikuwa hai.

Mzee Hiribae akaja nyumbani kwa Komora pamoja na wenzake. Hakukaa kitako.

"Komora, nakuuliza mbele ya hawa. Siku ile ulikula chumvi?"

"Sikula."

"Ulipokuwa mikokoni?"

"Nilikata boriti. Nani alikuwa na chakula cha kunipa?"

"Apa."

"Wallahi, mzee, kilichopita kinywani mwangu asubuhi ile ni uji wa mke wangu."

Ndivyo alivyoapa, kwa maneno yaliyokuwa na mlango wa nyuma, na alipoyatoa hakujua yanaelekea wapi. Wazee walijua. Waligeuka wote kwa pamoja, wakamtazama Mwanaarusi aliyekuwa amesimama kando ya jiko.

"Mimi?" akasema. "Mzee Hiribae, mimi mwiko nilisugua kwa mchanga! Chumvi niliipandisha juu, ile pale, tazameni!"

"Hakuna anayesema ulikusudia, mwanangu," mzee akasema, na alikuwa na huruma kweli, jambo lililozidisha ubaya. "Lakini ulimi ulidanganyika, na mwenye ulimi ameapa. Unaijua kanuni. Nyumba iliyokosea hutoka kwenye mfereji, na shamba lake hupewa waliopoteza. Ijumaa, baada ya swala, utasimama pale mlangoni uombe radhi, tulimalize kwa wema."

Walipoondoka, Komora alikuwa akitazama miguu yake. Alikuwa na nafasi wakati ule, nyumba ikiwa na watu wawili tu na mtoto. Akamsikia mkewe akivuta pumzi, akangoja amlaumu. Mwanaarusi akaenda kuchukua mwiko, akaunusa, akaulamba, akaanza kuusugua upya.

"Baba Kibibi," akasema baadaye, taratibu, "nimekumbuka kitu. Uji ule niliuonja kwa kidole. Na kidole hicho ndicho nilichoshikia kifuu cha chumvi nilipokuwa nakipandisha. Niliosha, lakini labda sikuosha sawasawa. Waonaje? Chumvi ya kidole inaweza?"

"Mungu ndiye ajuaye."

Aibu gani hii! Mungu alijua, na yeye Komora pia alijua, na kolekole alijua. Lakini alisema hivyo, akachukua jembe, akaenda shambani kulima tope lililokufa.

*

Hakuna aliyempiga Mwanaarusi wala kumtukana. Ingekuwa afadhali. Jirani aliyekuwa akija kuomba kaa la moto asubuhi sasa alipita mlangoni kwake akaenda kuomba mbali zaidi. Mahali pa kuchota maji, akifika, mazungumzo yalihamia kwenye jua. Kibibi alirudi kutoka kucheza analia, kwa kuwa wenzake walikuwa wamekataa kula maandazi yake ya tope, wakasema yana chumvi. Mashavu, waliyekuwa wakitwanga naye kinu kimoja kwa mapokezano tangu usichana, sasa alitwanga peke yake, mapumba ya kuomba, polepole kwa sababu mchi ni mzito kwa mtu mmoja.

Mwanaarusi alimfuata, akashika mchi wa pili. Mashavu akasimama.

"Sikuchukii, Mama Kibibi. Usidhani. Lakini nikikuona wewe naona shamba langu, na nikiona shamba langu naona hawa," akaashiria watoto wake kwa kidevu. "Siku moja tu kuacha chumvi. Siku moja! Ulikosa nini?"

"Nisamehe, Mashavu. Ni kidole."

"Kidole," Mashavu akasema, akaendelea kutwanga.

Komora aliyaona yote hayo. Hakula vizuri, hakulala vizuri, na mkewe, masikini, akaona mumewe anaudhika kwa ajili yake. Akawa anambembeleza. "Usijiue kwa mawazo. Kosa ni langu, nitasimama, yatakwisha. Tutapata pahali pengine pa kulima." Na kila alipombembeleza, Komora alizidi kunyamaza, maana maneno yaliyokuwa machache siku ile mlangoni sasa yalikuwa yameongezeka: nimekula, nimeapa, nimekuacha.

Alhamisi, Swaleh akapanda mto na mtungo wa ng'onda, samaki waliokaushwa, amesikia Kau kuna njaa. Alibisha hodi kwa furaha yake ya siku zote.

"Karibu, shemeji," Mwanaarusi akasema. "Lakini sina cha kukupa. Na maji ukitaka, afadhali ukanywe kwa jirani. Watu siku hizi hawanywi kwangu."

"Ala! Kwa nini?"

"Hukusikia? Mimi ndiye niliyeua mpunga. Nilimpa mwenzio uji wenye chumvi siku ya zamu yake, siku ile mliyokwenda kukata boriti. Ulimi ukadanganyika. Kesho nasimama kuomba radhi, na shamba la mama yangu linakwenda." Akajaribu kucheka. "Kidole changu hiki, shemeji. Natamani kukikata."

Swaleh alibaki ameshika ng'onda mkononi. Akamgeukia Komora. Komora alikuwa akichunguza makuti ya paa kama fundi.

"Pole, shemeji," Swaleh akasema mwishowe. Akaweka ng'onda juu ya kinu, akatoka bila kukaa. Komora akamfuata hadi ukingoni.

"Nilidhani umeshasema," Swaleh akasema bila kugeuka.

"Nitasema."

"Lini? Kesho anasimamishwa mbele ya watu kwa samaki uliyemla wewe!"

"Punguza sauti. Unataka kuniaibisha?"

"Mimi nikuaibishe?" Swaleh akageuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ndiye niliyekualika. Mimi ndiye niliyekukatia kipande nikijua umefunga. Nina sehemu yangu, siikatai, na ukitaka nisimame nawe kesho nitasimama. Lakini mke wa mtu kunionyesha kidole chake vile, nami nimejaa tele nikinyamaza? Hapana. Hilo siliwezi. Ama useme, ama usinijue tena."

"Nenda nyumbani, Swaleh. Nitasema mwenyewe."

Swaleh alimtazama kwa muda, hakuonekana kuamini, akasukuma kidau chake.

*

Ijumaa walikusanyika mlangoni mwa mfereji. Komora alikuwa amejiambia atasema njiani. Njiani akajiambia atasema wakifika. Walipofika akajiambia atasema mzee akifungua mazungumzo, na mzee alipofungua, Mwanaarusi akawa amekwisha simama mbele, kaniki yake ameivuta mpaka usoni.

"Jamani," akasema, "sina maneno mengi. Mume wangu alifunga kama ilivyo desturi. Mkono uliomlisha ni wangu. Mliopoteza chakula chenu, mimi ndiye niliyewapotezea. Mashavu, ndugu yangu, nisamehe. Shamba langu ni hilo, aliniachia mama, nalitoa kwa..."

Hapo sauti ikamkatika. Akajaribu tena, ikakataa. Watu walitazama chini. Hata Dhadho, mwenye maneno, alikuwa akikwangua tope kwenye jembe lake lisilo na tope.

"Mwacheni," Komora akasema.

Haikutoka kwa nguvu. Ilibidi arudie.

"Mwacheni akae. Uji haukuwa na chumvi. Nilikula samaki. Sikukata boriti, alinipa Swaleh. Tulikwenda kuvua baharini, nikala kolekole funguni, nikamchovya kwenye maji ya bahari. Niliposhuka hapa kuonja sikusikia kitu, nikaona haya kusema, nikasema matamu."

Mwanaarusi alikuwa ameishusha kaniki kutoka usoni, anamtazama mumewe kama anayesikiliza lugha ya watu wa mbali.

"Uliniapia," mzee Hiribae akasema.

"Niliapa, mzee."

"Na ukamwacha huyu asimame."

"Nilimwacha."

Mtu mmoja nyuma akatema mate. Dhadho akatupa jembe chini, akaondoka zake, kwa kuwa alijua akibaki atatenda jambo. Mashavu hakumtazama Komora hata kidogo. Alipita mbele yake na mtoto mgongoni, akaenda kwa Mwanaarusi, akamshika mikono yote miwili, nao wakalia, kila mmoja begani mwa mwenzake.

Mzee Hiribae akangoja wamalize. "Shamba ni la mwanamke huyu, na mwanamke huyu hakukosa. Shamba halitoki. Lakini wewe, Komora, ulimi wako kwenye mfereji huu umekwisha. Hutaonja maji hapa mpaka unakufa. Na msimu ujao utalima la Mashavu kwanza, kisha la wengine, la nyumba yako liwe la mwisho."

"Nimekubali," Komora akasema. Alikuwa na machozi, lakini pia, ajabu ya Mungu, alihisi mwili mwepesi, kama aliyetua mzigo. Akarudi nyumbani nyuma ya mkewe akidhani mambo yamekwisha.

*

Mwanaarusi hakupiga kelele. Alikaa kwenye mkeka, akavuta ungo wa mapumba, akaanza kuyachagua. Kibibi akajilaza pajani pake. Komora akapiga magoti mlangoni.

"Nisamehe, Mama Kibibi."

"Nitakusamehe. Sina budi, mimi ni Mwislamu." Vidole vyake viliendelea kutembea kwenye ungo. "Lakini kwanza nieleze siku ile."

"Siku ipi?"

"Siku ya boriti. Tangu mlipong'oa nanga. Usiruke kitu."

"Ya nini tena? Nimekwisha sema yote."

"Umewaambia wao. Mimi hujaniambia."

Akamweleza. Alitaka kufupisha, lakini kila alipofupisha aliulizwa. Mlipita wapi? Upepo ulikuwaje? Kolekole wangapi? Ilibidi aseme maji ya nje yalikuwa ya kijani, ilibidi aseme upepo ulikuwa mwema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayejing'oa miiba.

"Mlizungumza nini?"

"Upuuzi tu wa Swaleh."

"Mlicheka?"

"Tulicheka."

"Nieleze, nami nicheke."

"Mwanaarusi, tafadhali."

"Nieleze, Baba Kibibi."

Komora akainamisha kichwa, akaeleza habari za mama mkwe wa Swaleh. Alieleza kikapu kinavyofungwa kila Ijumaa, kinavyobebwa, na mama anavyosimama ufukweni kashika kiuno, upepo wa leo siuamini, mwanangu, na hata jani halitikisiki. Kibibi, pale pajani, akaangua kicheko cha kitoto. "Kikapu kimetembea, mama! Kimetembea!" Akacheka mpaka akakohoa. Mwanaarusi alimpigapiga mgongo polepole. Hakucheka, wala hakulia.

"Wewe ulicheka sana?"

"Mpaka mshipi ukaniponyoka."

"Saa hizo mimi nilikuwa shambani nang'oa magugu," Mwanaarusi akasema. "Nikawa nakuwaza. Nikasema masikini, yuko kwenye tope la mikoko na tumbo lake tupu, kwa ajili ya shamba la mama yangu. Nikasimama pale pale, na matope mikononi, nikakuombea dua."

Akapuliza mapumba, akauvuta ungo karibu zaidi.

"Endelea," akasema.